Embe liliiva 1905, kwa nini Ujerumani ikaja kurusha jiwe 1914?

#1 Mzee wa Mizani
Wakuu, salaam. Naingia moja kwa moja.

Kila uzi wa Vita vya Kwanza vya Dunia humu unaishia palepale: Ujerumani iliona Urusi inakua, ikahesabu kwamba ikifika 1917 haitaiweza tena, ikaamua kuwahi. Uhalisia, ile nadharia kwamba dola hutazama nguvu tu, umeshaeleza, uzi ufungwe.

Sasa chukueni 1905, Urusi ikiwa vitani na Japani. Port Arthur imesalimu amri Januari 2. Mwezi Machi jeshi la Urusi limepigwa Mukden. Mei 27 na 28, meli zilizozungushwa nusu ya dunia kutoka Baltiki zimezamishwa Tsushima. Ndani ya nchi kuna mapinduzi tangu Januari. Ufaransa imebaki peke yake upande wa bara, na Uingereza haina jeshi lililoandaliwa kuvuka bahari. Kisa cha ugomvi kipo tayari: Machi 31 Kaiser, mfalme wa Ujerumani, ameshuka Tangier kule Morocco, Juni 6 Delcassé, waziri wa mambo ya nje wa Ufaransa, amejiuzulu kwa shinikizo la Berlin.

Ujerumani haikupiga. Miaka 9 baadaye Urusi imesimama, Ufaransa imerudisha miaka 3 ya utumishi jeshini, majeshi ya Uingereza na Ufaransa yamekuwa yakizungumza tangu Januari 1906. Hapo ndipo inapiga.

Kama dola hutazama nguvu na si kingine, hilo linaelezwaje? Sitaki jibu la "Kaiser alikuwa kichaa". Alikuwa yuleyule miaka yote miwili.

#2 Kigoda
Nimeketi mbele kabisa. Endeleeni.

#3 Fundi Mizinga
Mkuu #1, unahesabu askari na kusahau vyuma. Ujerumani ilipitisha mzinga wake wa uwanjani wa milimita 77 mwaka 1896. Mwaka mmoja baadaye Wafaransa wakatoa wa milimita 75 wenye mtambo wa maji na hewa unaomeza mrusho: mtutu unarudi nyuma na kujirudisha mahali pake, magurudumu hayasogei. Mpigaji halazimiki kulenga upya kila akifyatua, hivyo makombora 15 kwa dakika ni jambo la kawaida.

Ule wa Kijerumani ulikuwa unaruka. Unafyatua, unausukuma mpaka mahali pake, unalenga tena. Baadaye waliubadilisha wakauwekea mtambo, lakini mwaka 1905 kazi hiyo ndiyo kwanza ilikuwa inaendelea. Hakuna mnadhimu anayeanzisha vita huku nusu ya mizinga yake ipo karakana.

#4 Mchokonozi
Fundi, hoja nzuri ila haitoshi. Kama ni mizinga tu, maliza kubadilisha halafu piga 1908, Urusi bado imelala.

Kizuizi kilikuwa nyumbani. Mwishoni mwa Desemba 1905 Kaiser alimwandikia kansela wake, Bülow, barua ambayo maana yake ni hii: kwanza wasoshalisti wanyamazishwe kwa damu, ndipo vita vya nje vifuate. Yaani alihofia kuwapa bunduki watu ambao angekuja kuwapiga risasi. Nadharia inayoichukulia dola kama gololi ngumu isiyo na kitu ndani inakwama hapo.

#5 Dada Nanga
Mmesahau bahari. Mwaka 1905 meli za kivita za Ujerumani zilikuwa chache mno mbele ya za Uingereza, na majira ya baridi ya 1904 kuingia 1905 Berlin ilikumbwa na hofu ya kweli kwamba Waingereza watawavamia bandarini bila kutangaza. Tirpitz, waziri wa wanamaji wa Ujerumani, alikuwa na msemo wa "eneo la hatari": kipindi ambacho umeshajenga kiasi cha kumuudhi mwenye bahari, lakini hujajenga kiasi cha kumzuia. Aliye katikati ya kipindi hicho anakaa kimya.

Vita vya bara vingeleta mzingiro wa bahari, na Ujerumani ilikuwa inaagiza chakula na malighafi kwa wingi. Kwa hiyo #1, "Ufaransa peke yake" si sahihi.

#6 Mwana wa Kilwa
Na mbona hakuna anayetaja Maji Maji? Julai 1905 moto umewaka milima ya Matumbi, gavana Götzen anaomba msaada, na kule Afrika ya Kusini-Magharibi (Namibia ya leo) wanapigana na Waherero na Wanama tangu 1904. Mjerumani alikuwa ameshikwa mikono Afrika!

#7 Fundi Mizinga
Mwana wa Kilwa, ningependa iwe hivyo lakini hesabu zinakataa. Kusini-Magharibi walivushwa askari zaidi ya 14,000. Huku Afrika Mashariki kazi kubwa ilifanywa na askari wa kuajiriwa hapahapa, wakiongezewa wanamaji wachache. Jeshi la Ujerumani wakati wa amani lilikuwa na watu karibu 600,000. Umetoa kikombe kwenye pipa.

Ila bungeni hoja yako ina uzito. Gharama za vita vya Kusini-Magharibi ndizo zilizofanya bunge livunjwe Desemba 1906. Watu walikuwa wanagombania fedha za kulisha kikosi cha jangwani. Hebu fikiria kuwaomba fedha za vita vya Ulaya.

#8 Kalamu Kavu
Wakuu, mnajibu swali ambalo nadharia yenyewe imeshalijibu. Tutofautishe mambo mawili kwanza, maana naona yanachanganywa.

Kuna kumtangulia adui ambaye ameshainua mkono: unajua atapiga kesho, unampiga leo. Na kuna kuwahi: adui hana nia ya kukupiga leo wala kesho, lakini unaona miaka inavyokwenda atakuzidi, basi unapigana ukiwa bado na nguvu. La pili linahitaji sharti moja, nalo ni kwamba *wewe uone unashuka*.

Ujerumani ya 1905 ilikuwa inapanda. Urusi imeanguka, na Berlin hawakujua itainuka baada ya muda gani. Viwanda vyao vinakua. Kaiser alijaribu hata kumvuta Tsar, mfalme wa Urusi, upande wake kwa mkataba wa Björkö wa Julai 24, 1905. Aliyeshika mteremko haendi kupigana, anangoja. Kwa hiyo 1905 haipingi nadharia. Mwenye nguvu anayepanda anavumilia, na mwenye nguvu anayeona kilele kimepita ndiye wa kuogopwa. Mwaka 1914 Urusi ilikuwa na Mpango Mkubwa wa kuongeza askari wapatao 470,000 kwenye jeshi la amani ifikapo 1917, na Ufaransa ilikubali kukopesha hadi faranga milioni 500 kila mwaka kwa miaka 5, kwa sharti kwamba zijengwe reli za kuelekea magharibi.

#9 Mzee wa Mizani
Kalamu Kavu, hapo umenibana, nakiri. Lakini umehama kidogo. Ulianza na nguvu, umemalizia na *makisio* ya nguvu. Kama kinachoendesha dola ni jinsi wazee wachache wa Berlin wanavyoisoma miaka ijayo, basi tunahitaji kujua wanasomaje, na hiyo si mizani tena.

Nikuulize lingine. Desemba 8, 1912 Kaiser aliwaita wakubwa wa jeshi na wanamaji. Mnadhimu Mkuu, Moltke, alisema vita haviepukiki na vikija mapema ni heri. Mbona havikuja?

#10 Dada Nanga
Hilo ni rahisi. Kwenye kikao hichohicho Tirpitz aliomba kucheleweshwa mwaka mmoja na nusu. Meli za aina ya Dreadnought (ile ya kwanza Waingereza waliishusha majini Februari 1906, mizinga 10 ya inchi 12, injini za tabo) zilikuwa pana mno kwa mfereji wa Kiel. Ukitaka kuzihamisha kutoka Baltiki kwenda Bahari ya Kaskazini, unazizungusha Denmark yote. Upanuzi ulianza 1907 na malango mapya yakafunguliwa Juni 24, 1914. Siku nne kabla ya Sarajevo, alikouawa mrithi wa kiti cha Austria.

#11 Mchokonozi
Wapenda njama wameshafungua midomo 😂

#12 Dada Nanga
Sijasema njama. Kilikuwa kizuizi kimoja, kikaondoka. Na Moltke alimjibu palepale kwamba wanamaji hawatakuwa tayari hata hapo baadaye.

#13 Karani wa Reli
Nimesoma mpaka hapa nikiwa na subira, sasa niseme. Mnabishana kuhusu *nia*. Mimi nawaonyesha *ratiba*.

Kuita askari wa akiba si tangazo la gazetini. Mtu anapokea wito, anakwenda kambi yake, anapewa sare, bunduki na farasi, kambi inajazwa kwenye treni, treni inakwenda mpakani. Kikosi kikubwa kimoja cha watu wapatao 40,000, na farasi na mizinga yake, kinahitaji treni kama 140. Ujerumani ilitumia treni zipatazo 11,000 mwezi wa Agosti. Kwenye daraja moja tu la Cologne, la Hohenzollern, zilipita treni 2,150 za mabehewa 54 kati ya Agosti 2 na 18. Gawanya: moja kila dakika 11 hivi, mchana na usiku.

Sasa linganisheni nchi mbili. Urusi ikishaita watu wake inaweza kuwaweka mpakani wiki kadhaa na kuzungumza, kwa sababu mpango wake hauna sharti la kuvuka siku fulani. Ujerumani ilikuwa nalo. Moltke aliamua kutopita Uholanzi, akitaka ibaki kama dirisha la biashara. Kwa hiyo majeshi mawili ya kulia kabisa yalilazimika kupenya kwenye uwazi mwembamba kati ya Aachen na Liège, na Liège, mji wa Ubelgiji, umezungukwa na ngome 12. Usipoiteka kabla majeshi hayajafika, treni zinarundikana nyuma kama punje kwenye shingo ya chupa. Basi mpango ukasema Liège ivamiwe kwa ghafla, siku za mwanzo kabisa, na vikosi ambavyo havijasubiri hata watu wa akiba. Wakavuka mpaka Agosti 4, usiku wa tarehe 5 wakaanza kushambulia. Ngome ya mwisho ilianguka tarehe 16.

Kwa Ujerumani, basi, kuita jeshi *ni* kuvamia Ubelgiji. Inasemekana kansela Bethmann Hollweg hakujua habari ya Liège mpaka Julai 31. Serikali nzima ilikuwa inacheza karata bila kujua kwamba mojawapo imegundishwa mezani.

Na mpango huu haukuwepo 1905! Andiko la Schlieffen, Mnadhimu Mkuu kabla ya Moltke, la Desemba mwaka ule lilipita Uholanzi na lilihesabu vikosi ambavyo Ujerumani haikuwa navyo. Jibu la #1 liko kwenye reli.

#14 Kigoda
Mtu ameshusha zigo. Heshima kwako Karani.

#15 Mchokonozi
Heshima tunampa, ila ratiba haianzishi vita. Majira ya baridi ya 1912 kuingia 1913 Urusi ilibakiza jeshini kundi la askari waliopaswa kurudi makwao, Austria ikajaza vikosi Galicia, mpakani na Urusi, na Bosnia. Miezi kadhaa wanatazamana. Machi 1913 wakakubaliana, kila mmoja akapunguza. Reli zilikuwa zilezile.

#16 Karani wa Reli
Mchokonozi, katika kisa chako nani hakuita jeshi? Ujerumani. Ukiitoa Ujerumani kwenye mtambo, mtambo hauna moto. Na wala Urusi haikuita nchi nzima. Ilizuia watu wasiondoke. Ni vitu viwili tofauti kabisa kwa mtu wa reli.

Mwaka 1914 Sazonov, waziri wa mambo ya nje wa Urusi, alitaka waite wilaya nne tu, Kiev, Odessa, Moscow na Kazan, ili kuitishia Austria bila kuigusa Ujerumani. Wanadhimu wake wakamwambia hakuna mpango wa hivyo, na ukianza huo wa nusu utavuruga ule mzima pale utakapouhitaji. Tsar akatoa amri nzima jioni ya Julai 29, akaifuta usiku uleule baada ya simu ya maandishi ya Kaiser, akaitoa tena alasiri ya tarehe 30.

#17 Bwana Tarehe
Nyongeza mbili kwa #13, maana Karani anaipenda reli mpaka anaitetea.

Agosti 1, baada ya Kaiser kupata habari (ambayo haikuwa sahihi) kwamba Uingereza ingekaa pembeni iwapo Ufaransa haitaguswa, alimwambia Moltke apeleke jeshi lote mashariki. Moltke akajibu haiwezekani, kupanga watu milioni si kazi ya kubuni papo hapo. Wakati wanabishana, kikosi kidogo kilikuwa kimeshaingia kituo cha reli cha Trois Vierges ndani ya Luxembourg.

Lakini *haiwezekani* hiyo ina utata. Baada ya vita, Jenerali von Staab aliyekuwa mkuu wa kitengo cha reli alikerwa na maneno hayo, akaandika hesabu zake: majeshi 4 kati ya 7 yangeweza kuwa mashariki ifikapo Agosti 15. Kilichokosekana ni mpango wa mashariki uliohuishwa, kwa sababu walikuwa wameacha kuuhuisha mwaka 1913. Sasa nani aliyewaambia waache? Reli haijiandikii ratiba.

#18 Karani wa Reli
Staab alikokotoa akiwa amekaa, vita vimeisha, hana simu inayolia. Na kupeleka majeshi 4 mashariki huku Ufaransa imeita jeshi lake lote nyuma yako... haya.

Hoja ya 1913 naipokea.

#19 Kigoda
Imefika post ya 19 na hakuna aliyemtaja Thucydides, yule mwanahistoria wa Ugiriki ya kale. Rekodi mpya ya jukwaa.

#20 Nahodha Mstaafu
Kigoda usimchokoze, ila kwa kuwa umemwita: watu hunukuu kwamba kukua kwa Athens na hofu ya Sparta ndivyo vilivyofanya vita visiepukike, kisha wanaibandika Ujerumani mahali pa Athens. Uongo mtupu. Mwaka 1914 Ujerumani ndiyo ilikuwa *Sparta*, yenye jeshi bora la nchi kavu, ikimwogopa anayekua nyuma yake. Na hata Sparta haikusukumwa na Athens moja kwa moja, ilivutwa na Korintho iliyogombana na Corcyra na ikatishia kutafuta marafiki wengine.

Hapo ndipo nataka kuwapeleka. Mnazungumzia Berlin tangu asubuhi. Aliyetangaza vita vya kwanza, Julai 28 dhidi ya Serbia, ni *Vienna*. Ujerumani ilikuwa na rafiki mmoja tu wa kweli. Kule Algeciras 1906, mkutano wa Morocco, karibu kila dola ilisimama upande wa Ufaransa na ni Austria-Hungaria iliyobaki na Ujerumani. Ukibaki na rafiki mmoja unamfuata hata shimoni. Mkifungwa mnyororo mmoja, anayeanguka anawavuta wote.

Mwaka 1905 Austria haikuwa na ugomvi na mtu mkubwa. Ilikuwa imeelewana na Urusi kuhusu Balkan tangu 1897, na Bosnia ilikuja kuimeza rasmi 1908. Hilo ndilo linalotofautisha miaka yenu miwili.

#21 Kalamu Kavu
Nahodha, ni sawa, ila mnyororo una ncha mbili. Julai 5 Berlin iliwapa Waaustria hundi tupu, yaani ahadi ya kuwaunga mkono bila masharti, ikawahimiza na kuharakisha. Aliyefungwa hamhimizi mwenzake arukie shimoni.

#22 Nahodha Mstaafu
Walimhimiza kwa sababu walidhani akifanya haraka Ulaya itameza mate na kunyamaza. Akachukua wiki mbili na nusu, kauli ya mwisho ikafika Belgrade Julai 23 saa 12 jioni. Wanajeshi wengi walikuwa likizo ya mavuno, na Vienna hawakutaka Poincaré, rais wa Ufaransa, apokee habari akiwa bado St. Petersburg na Tsar.

Na Conrad, mnadhimu wao, aliharibu hata hiyo reli mnayoipenda. Aligawa jeshi mafungu matatu: moja la Serbia, moja la Urusi, na la tatu la divisheni 12 la kuongezea popote pale. Akalituma Serbia. Urusi ilipoita watu wake akataka kuligeuza, kitengo cha reli kikamwambia litavuruga kila kitu, bora lishuke kusini kwanza halafu lipakiwe upya. Likaja kufika Galicia kwa kuchelewa. Dola inayopiga mahesabu ya nguvu ya namna hiyo, sijui.

#23 Bibi Hesabu
Wapendwa, "nguvu" mnaipima vipi? Kila mtu anasema ilipanda, ilishuka, kama bei ya nyanya.

Kipimo kinachotumiwa sana na watafiti kina vitu 6: matumizi ya kijeshi, idadi ya askari, chuma na chuma cha pua, nishati inayotumika, watu wote, na watu wa mijini. Unachukua kila kimoja, unaona nchi ina fungu gani la dunia nzima mwaka huo, unajumlisha, unagawanya kwa 6.

Matatizo yake yanaonekana haraka. Kwanza vitu vyote 6 vina uzito sawa, hivyo nchi yenye watu wengi inaonekana jitu hata kama haina bunduki. China ya karne ya 19 inatoka na alama kubwa huku Japani inaichapa 1895. Pili, kushindwa hakuonekani. Baada ya Mukden na Tsushima Urusi bado ina watu wake na makaa yake, kwa hiyo kwenye jedwali inapungua kidogo tu, wakati kila mnadhimu wa Ulaya aliiona imelala chini. Tatu, haipimi reli, mikopo wala ubora wa maofisa, ambavyo ndivyo mlivyobishania tangu #3.

Nikichukua chuma cha pua peke yake kwa mwaka 1913, Ujerumani ina tani milioni 17.6, Uingereza 7.7, Urusi 4.8, Ufaransa 4.6. Ujerumani inawazidi wote watatu *kwa pamoja*. Huyo ndiye mnayesema alikuwa anashuka?

#24 Mzee wa Mizani
Bibi, asante. Hapo ndipo kidonda kilipo. Kwa chuma alikuwa anapanda, kwa askari na reli za Urusi alikuwa anashuka. Aliyechagua kipimo ndiye aliyechagua vita.

Na kipimo chenyewe kilikuwa kibovu. Mwishoni mwa Agosti 1914 jeshi la Urusi walilokuwa wanaliogopa lilizingirwa na kuvunjwa Tannenberg na jeshi moja tu la Wajerumani.

#25 Fundi Mizinga
Haki itendeke. Warusi waliingia Prussia Mashariki mapema kuliko Wajerumani walivyotegemea, kwa sababu waliwaahidi Wafaransa kuanza siku ya 15. Waliingia bila mikate, bila simu za kutosha, wakitangaza amri redioni bila kuzificha. Wangesubiri wakamilike wangekuwa kitu kingine. Na wiki hizohizo waliivunja Austria kule Galicia. Hofu haikuwa ya bure.

#26 Mchokonozi
Nirudi kwangu, maana #23 imenipa silaha. Kama Ujerumani ilikuwa na chuma kiasi hicho na watu zaidi ya milioni 60, mbona haikujenga tu jeshi kubwa zaidi? Ufaransa yenye watu chini ya milioni 40 iliwaingiza jeshini zaidi ya vijana wanne kati ya watano waliostahili. Ujerumani zaidi kidogo ya nusu. Ludendorff, ofisa wa unadhimu mkuu, alipodai vikosi vitatu vikubwa vya nyongeza, wizara ya vita ikamkatalia: maofisa wa kutosha wa koo za kikabaila hawapo, na askari wangetoka kwenye miji ya wasoshalisti. Januari 1913 akahamishiwa Düsseldorf akaongoze kikosi.

Januari 1912 wasoshalisti walipata viti 110 kati ya 397. Kodi ya urithi ilishamwangusha Bülow 1909. Serikali haikuweza kukusanya kodi wala kuingiza watu jeshini bila kugawana madaraka. Udhaifu wenu wa kwenye mizani ulitengenezwa nyumbani, kwa hiari.

#27 Kalamu Kavu
Halafu mwaka 1913 huohuo bunge hilohilo likapitisha nyongeza ya askari zaidi ya 130,000 na kodi ya mara moja ya ulinzi ya karibu mark bilioni 1, na wasoshalisti wakaipigia kura kodi hiyo kwa kuwa iliwalenga matajiri. Mkwamo wako si mkwamo, ni mlango mzito.

#28 Mchokonozi
Mlango mzito uliofunguka *baada* ya miaka 8. Ndiyo maana si 1905. Asante kwa kunisaidia.

#29 Shabiki wa Bismarck
Yote haya yasingetokea kama wasingemfukuza mzee Bismarck ukansela 1890. Alikuwa anasema kwenye dunia ya wakubwa watano, hakikisha uko kundi la watatu. Mkataba wa siri na Urusi wa 1887 ukaachwa ufe, na Warusi wakaenda kwa Wafaransa. Mwisho wa mjadala.

#30 Bibi Hesabu
Shabiki, usimpe utakatifu. Mwaka huohuo wa 1887, mwezi Novemba, Bismarck mwenyewe aliizuia benki kuu ya Ujerumani kupokea hati za mikopo ya Urusi kama dhamana. Kazi yake: mwenye hati hizo Berlin hawezi kukopea, anaziuza, bei inashuka, na Urusi haiwezi tena kukopa pale. Ikaenda Paris. Mkopo wa kwanza, faranga milioni 500, ulipatikana Desemba 1888, Bismarck akiwa bado ofisini. Mkataba wa kijeshi ukafuata fedha. Na Alsace-Lorraine ya Wafaransa aliichukua nani 1871?

#31 Shabiki wa Bismarck
Alishauriwa vibaya na wanajeshi.

#32 Bibi Hesabu
Kila mtu humu alishauriwa vibaya na wanajeshi.

#33 Dada Nanga
Kabla hamjalala. Hakuna aliyeigusa Uingereza ya Julai 1914. Grey, waziri wake wa mambo ya nje, alimwambia balozi wa Ujerumani Julai 29 kwamba Ufaransa ikiingizwa, Uingereza haitakaa pembeni. Usiku uleule Bethmann anatuma simu Vienna akiomba wasimame Belgrade. Kesho yake Moltke anatuma simu yake kwa Conrad: ita jeshi lako dhidi ya Urusi. Berchtold, waziri wa mambo ya nje wa Austria, akauliza ni nani anayetawala Berlin. Kama Grey angesema tarehe 24, je?

#34 Karani wa Reli
Asingeweza. Baraza lake lilikuwa limegawanyika mpaka Agosti 2, na kilichowaunganisha ni Ubelgiji. Liège tena. Narudi palepale.

#35 Mzee wa Mizani
Nimehesabu. Mizinga, wasoshalisti, meli, mteremko, reli, Vienna, kodi. Saba, na kila moja ina mwaka wake inaoueleza vizuri na mwaka inaoukimbia. Kalamu Kavu ndiye amenisogeza zaidi, ila #23 imemrudisha nyuma. Bwana Tarehe, naomba unitolee moja: ile Januari ya mapinduzi ya Urusi, wengine wanaandika tarehe 9, wengine 22.

#36 Bwana Tarehe
Zote ni siku moja. Urusi ilikuwa bado na kalenda ya zamani, karne ya 20 unaongeza siku 13. Ndiyo maana amri ya Tsar ya Julai 30, 1914 ukiikuta kwenye hati zao imeandikwa Julai 17. Ukisoma telegramu za wiki ile, angalia kwanza imetoka mji gani.